Mjomba ananiuzia snoubloa kwa bei ya familia, ila trekta yangu ni ya zamani. Nifanyeje?

Shikamoo Fundi,

Nakuandikia nikiwa kwenye gari nje ya nyumba yangu mwenyewe, saa moja na nusu asubuhi, nimetoka shifti ya usiku na kuingia ndani siwezi. Lile gari la kusukuma theluji barabarani limepita likaniachia ukuta kwenye mdomo wa draivuwei, njia ya gari ya kuingia nyumbani, unafika magotini na umeshaanza kuwa zege. Beleshi liko gereji. Gereji iko ndani, futi 300 kutoka hapa nilipo. Yaani nimekaa nacheka mwenyewe kama chizi.

Tunaishi kusini mwa Buffalo, New York, huku karibu na ziwa Erie. Wanaokaa huku wanajua shughuli yake, wingu linatoka ziwani limejaa, linakuja kutua kwenu tu, na mtu wa maili kumi kutoka hapo anaanika nguo. Mwezi wa 11 mwaka 2022, mji wa Orchard Park hapa jirani ulipigwa karibu inchi 80 ndani ya siku chache, sisi wakati huo tulikuwa bado apatimenti, kazi ya theluji ilikuwa ya mwenye nyumba, mi naangalia dirishani na chai yangu. Saivi mwenye nyumba ni mimi.

Sasa nyumba tulivyonunua, mzee aliyekuwa anakaa hapa alituachia trekta ya bustani, John Deere 318, alisema ni ya 1987. Injini ni Onan ya silinda mbili, hospawa 18, haina gia za kubadilisha, ni ile haidrostatiki, mwendo unasukumwa na oili, na ina haidroliki ya kunyanyulia vitu. Kiangazi imekata nyasi vizuri tu, inavuja oili kidogo lakini inawaka. Nikasema basi, natafuta snoubloa, ile mashine ya kurusha theluji, ya kufunga mbele, habari ya beleshi iishe, maana mgongo wangu na hii kazi ya kunyanyua wagonjwa usiku kucha tayari ni mali ya mtu mwingine.

Hapo ndo tabu ilipoanza. Mjomba wa mke wangu, yuko huku Marekani miaka mingi na ndiye aliyetupokea, ana snoubloa ya hatua mbili ya inchi 47, ya kampuni hiyohiyo, nzuri, imepakwa rangi upya. Trekta yake aliiuza majira ya kuchipua, ilikuwa mpya kuliko yangu, ya mfululizo mwingine, na fremu ya kufungia ilibaki kwenye ile trekta. Anataka dola 500, anasema ni bei ya familia, na kuhusu fremu kasema "we tafuta mtu wa kuchomelea tu, chuma ni chuma, itakaa." Ameshaniuliza mara tatu nakuja lini kuichukua. Mara ya mwisho kaniuliza mbele ya watu kwenye kipaimara.

Upande mwingine kuna mzee mmoja maili 40 kutoka hapa anauza ya hatua moja, inchi 49, anasema imetoka kwenye 318 kama yangu, ina fremu, puli, mikanda, fimbo za kunyanyulia, kila kitu kiko kwenye boksi, dola 450. Ila picha zake zinatia huruma. Kutu kila mahali, rangi ya kijani ya kubahatisha.

Alafu nimeona mtandaoni mpya kabisa za kufunga nyuma, bei nzuri tu. Na jirani ananiambia achana na yote hayo nunua plau la kusukumia. Na mama watoto anasema tuuze trekta, tumlipe mwenye pikapu awe anakuja kusafisha, "wewe siyo fundi, wewe ni nesi." Watoto wanacheka.

Draivuwei ni ya changarawe, ina kimteremko karibu na barabara. Nimekutumia picha za trekta mbele na nyuma. Nichague ipi, na kama si ya mjomba namwambiaje mjomba?

Ni mimi, Nimechoka na Beleshi

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naamini ulishaingia ndani na umelala.

Nianze na jibu maana najua una usingizi: nunua ile yenye kutu. Ile ya mjomba usiichukue, hata akikupa bure usiichukue kwa ajili ya trekta hii. Sababu nakupa, na ya kumwambia mjomba nakupa, ila vumilia kidogo maana lazima nikueleze hizi mashine zinavyofanya kazi, la sivyo wiki ijayo mtu mwingine atakuonyesha ya tatu na utarudi hapa hapa.

Snoubloa ya hatua moja ina kitu kimoja tu kinachozunguka, ogea, lile skrubu kubwa la mlalo. Linazunguka kwa kasi, linakata theluji, linaivuta katikati na hapohapo linairusha juu kwenye bomba. Ya hatua mbili imegawa kazi: ogea linazunguka polepole, linavuta tu na kupeleka nyuma, na huko nyuma kuna feni ya chuma, impela, inazunguka kwa kasi na ndiyo inayorusha. Kwa hiyo ya hatua mbili inarusha mbali zaidi, haisongwi upesi na theluji nzito ya majimaji, na ukuta kama huo wako inautafuna kwa utulivu. Mjomba wako hajakudanganya, mtambo wake ni bora. Ukinipanga mbili zote mbele yangu, zote kamili, zote za 318, kwa hapo kwenu karibu na ziwa ningekwambia chukua ya hatua mbili bila kufikiria.

Ila si kamili. Na hapo ndo pana kesi.

Mtu anayenunua snoubloa ya trekta anadhani ananunua lile boksi la mbele. Lile boksi ni nusu ya kitu. Nusu nyingine ni fremu inayopita chini ya trekta kwenda kushika chasisi, puli za kugeuza mkanda, kile kinachoukaza, na viungo vya kunyanyulia. Hiyo nusu ya pili imetengenezwa kwa trekta fulani tu, haijali kwamba rangi zinafanana. Kampuni moja inaweza kutumia boksi lilelile kwenye matrekta ya mifululizo minne, na kila mfululizo una fremu yake na namna yake ya kupeleka nguvu. Yako nguvu inatoka mbele, kwenye PTO (kitu cha kutolea nguvu ya injini kwenda kwenye mashine) ya umeme iliyokaa kwenye injini, inashuka kwa mkanda. Trekta nyingine nguvu inatoka chini ya tumbo kwa shafti. Sasa hapo chuma si chuma tena.

Nakwambia hivi kwa sababu nilishafanya hiyo ya mjomba. Miaka mingi nyuma, ndo nimeanza kufanya kazi kwenye gereji ya mashine ndogo huku Minnesota, nikapata boksi zuri la bei ya kutupa, trekta ninayo ya kampuni tofauti kidogo, nikasema mimi mtoto wa Tanga nimekua kwenye karakana, nachomelea. Wikiendi tatu. Nikapima, nikakata, nikachomelea, ikakaa barabara yaani ungeiona ungesema imetoka kiwandani. Theluji ya kwanza ikaja, nikawasha, nikaingiza PTO, ogea likaanza kuzunguka kinyumenyume. Theluji badala ya kuvutwa ndani inasukumwa nje, natembea nayo mbele kama mtu anayefagia na ufagio umegeuzwa. Jirani yangu yuko kibarazani na kikombe chake, hakusema neno. Nikaja kuupinda mkanda uwe namba nane ili mzunguko ugeuke, ukageuka kweli, ukafanya kazi kama dakika ishirini nikaanza kunusa mpira unaungua. Lile boksi niliuza kama chuma chakavu.

Na huo ni mzunguko tu. Kuna kasi pia. Impela imepangiwa mizunguko yake, ukikosea saizi ya puli inazunguka polepole haifiki popote, au inazunguka kupita kiasi na hapo unacheza na chuma chenye hasira futi nne kutoka kwenye magoti yako. Kuna mstari wa mkanda, ukipinda kidogo tu unaruka kila ukinyanyua mashine. Kuna uzito: hizi za hatua mbili ni nzito, zaidi ya pauni 200, zinaning'inia mbele kabisa, na weldi ya mtu wa mtaani ndiyo imeshikilia kwenye baridi ya kugandisha. Fremu sahihi ya 318 ukiitafuta peke yake utaipata, lakini wauzaji nao wanajua kwamba wewe unaihitaji kuliko wao, na unaweza kuilipa karibu sawa na boksi lenyewe.

Twende kwa yule mzee wa kutu. Kutu ya juu isikutishe, ile ni rangi tu imekufa. Nenda mchana, vaa glavu, na ufanye hivi. Shika ogea kwa mikono miwili, injini haipo kwa hiyo hakuna hatari, lizungushe. Lizunguke kwa uzito ule ule mwanzo mpaka mwisho, ukisikia linakwaruza au linakwama sehemu moja, ama limepinda ama beringi imekwenda. Alafu linyanyue juu chini kwenye ncha zake, likicheza sana beringi zimekufa, na hilo si la kukukimbiza, beringi ni vitu vya kununua dukani, ila unashusha bei. Nyingi za hatua moja ogea linaendeshwa na cheni ya pembeni, fungua kile kifuniko uone cheni na meno yake, meno yakiwa yamechongoka kama ya papa yamekwisha. Lala chini, angalia kile chuma cha kukwangulia kinachogusa ardhi, na ubonyeze bati la sakafu kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, mwambie asante mzee na urudi nyumbani. Isipozama, ni yako.

La muhimu kuliko yote ni hilo boksi la vitu. Mwambie avitoe vyote avipange chini, upige picha moja ya vyote pamoja. Kama trekta yake bado ipo, mwombe akuonyeshe kila kimoja kinakaa wapi, na urekodi video. Wazee hawa wakiona mtu anauliza kwa heshima wanafurahi, atakupa na kitabu chake cha maelekezo kina alama za grisi za miaka thelathini, hicho kitabu kina thamani kuliko boksi. Kama fimbo za kunyanyulia hazimo, au ile puli ya kugeuza mkanda haimo, basi bei isiwe 450, na ukampigie muuza vipuri kabla hujatoa hela, siyo baada.

Nilisahau, ya kufunga nyuma. Hizo nyingi zinataka shafti ya PTO ya nyuma inayozunguka mara 540 kwa dakika, na mkono wa pointi tatu wa kuibeba. Kwenye picha zako nyuma hakuna shafti wala mkono, kwa hiyo hiyo mada imekufa. Na hata ingekuwepo, ungeendesha unarudi nyuma futi 300 shingo imegeuka, wewe mwenye mgongo wa kukodi.

Plau la jirani lina akili yake. Kwa inchi tatu nne ni haraka kuliko snoubloa yoyote na halina cha kuharibika. Ila plau linasukuma, haliondoi. Kila ukisukuma unaacha kingo, kingo zinaganda, draivuwei inakuwa nyembamba, na ikifika Januari huna pa kuweka, maana kuisukuma kuvuka barabara huruhusiwi. Hebu tupige hesabu ya mtaani: futi 300 kwa upana wa 12, theluji ikishuka futi moja una futi za ujazo 3,600. Theluji mpya ikiwa na pauni kama 6 kwa kila futi hiyo ya ujazo, unaongelea pauni elfu 21 na ushee, tani kumi hivi. Siku moja hiyo! Na huko kwenu inaweza kurudi keshokutwa, maana ziwa lisipoganda hampumziki. Tani kumi unataka zirushwe zikae kwenye nyasi huko mbali, hutaki ziwe zimejipanga pembeni zinakusubiri.

Shemeji naye hajakosea kabisa, nataka niliseme hili kwa haki. Kumlipa mtu ni jambo la watu wenye akili. Tatizo lake ni saa, mwenye pikapu ana wateja thelathini, anaweza kupita saa kumi alfajiri na gari la barabarani likapita saa kumi na mbili, na wewe saa moja na nusu ukaukuta ukuta uleule na umeshalipia. Kwa hiyo kama mtaamua kulipa, bado mtahitaji kitu cha kushughulika na ule mdomo. Na kama mtaamua trekta, basi shemeji naye ajifunze kuiendesha, si ya kukusubiri wewe. Haidrostatiki ni rahisi kuliko gari, na huyo aliyesema wewe siyo fundi huenda fundi ni yeye.

Sasa ukisha nunua, usidhani umemaliza. Weka kama dola 300 nyingine pembeni kwa ajili ya trekta yenyewe, maana hapa ndo watu wengi wanaumia. Trekta ikibeba mzigo mbele, nyuma inakuwa nyepesi, matairi yanazunguka bure, na unakaa hapo unapiga kelele kwa injini isiyo na kosa. Unahitaji cheni na unahitaji uzito. Matairi ya nyuma ya 318 ni 23x10.50-12, angalia ubavuni uhakikishe hayajabadilishwa, na cheni ununue zile ambazo kamba za kukatiza zimekaa karibu karibu, kila baada ya viungo viwili, zile za kila viungo vinne ni bei rahisi lakini tairi linazama katikati ya kamba moja na nyingine unarushwarushwa kama uko kwenye punda. Kwenye changarawe cheni hazina shida, kwenye lami zinachora.

Uzito, unaweza kufunga vyuma kwenye rimu, au kujaza matairi kimiminika. Usijaze maji matupu, yataganda. Watu wengi wanaweka maji ya bluu ya kuoshea kioo cha gari, yale yasiyoganda kwenye baridi kali, galoni kama 8 kila tairi, ni uzito mzuri na hayali chuma. Wengine wanaweka chumvi ya kalsiamu, nzito zaidi, ila siku inavuja inakula rimu yote. Mimi napenda vyuma, ila ukipata wa kukuuzia kwa bei ya binadamu nijulishe na mimi.

Kwa kuwa una changarawe: theluji ya kwanza ya msimu usiirushe. Ipite juu na gari mara kadhaa ishindiliwe, igande na mawe, iwe sakafu yako. Alafu zile ndara za chuma pembeni mwa snoubloa uzishushe ili boksi linyanyuke inchi moja au moja na nusu kutoka chini. Usipofanya hivyo utarusha kokoto, na kokoto ikitoka kwenye lile bomba inakwenda kama imetumwa, niulize mimi kuhusu kioo cha gari la padri. Hapana, usiniulize.

Ule ukuta wa barabarani sasa, na hapa ya hatua moja inataka ujanja. Usiuvamie na upana wote wa inchi 49. Piga injini resi yote na uiache hapohapo, ile Onan inataka kuzunguka ili mkanda na ogea vibaki na kasi, mwendo wa trekta ndio unaupunguza kwenye haidrostatiki mpaka unatambaa. Ndio maana nimefurahi kusikia yako ni haidrostatiki, za gia za zamani ukitaka kupunguza mwendo unashika klachi, na nyingine ukishika klachi na mashine inasimama. Ingia na nusu ya upana, chukua kipande, rudi nyuma, sikiliza injini. Ikianza kuguna umechukua tonge kubwa. Na uwahi kabla haujaganda, ukuta wa saa moja na ukuta wa saa sita ni vitu viwili. Kwenye hicho kimteremko uende mbele taratibu, usije ukageukia katikati yake.

Bomba likianza kuziba theluji ya maji, kabla ya kuanza kazi lipulizie ndani mafuta ya kupikia ya kopo, yale ya kunyunyiza kwenye kikaango. Mama watoto atalalamika. Nunua lako.

Na likiziba, mdogo wangu, nisikilize vizuri. Zima PTO, zima injini, toa ufunguo, subiri kila kitu kisimame, alafu tumia fimbo. Fimbo. Hata injini ikiwa imezimwa kabisa mkanda unaweza kuwa umebakiza mvuto, ukiondoa lile donge tu chuma kinajizungusha nusu duara mara moja. Jamaa niliyefanya naye kazi miaka sita alitumia mkono, injini imezimwa, anasubiri chai ipoe tu arudi kumalizia. Saivi anashika kikombe kwa vidole vitatu. Wewe ni nesi, hao umewapokea kwenye shifti yako. Na kile kiswichi cha chini ya kiti kinachozima mashine ukinyanyuka, hata kikikuudhi vipi, usikibaipasi.

Vitu vidogo vya haraka haraka: weka petroli mpya, ile ya tangu Septemba itoe. Angalia kitabu cha injini kinasema oili gani ya baridi, wengi wanatumia 5W-30. Betri ya zamani ikuvunje moyo sasa, siyo siku ya dhoruba. Usiipashe moto ndani ya gereji mlango umefungwa, moshi unaua. Na hizo bolti laini za usalama, shia pini, kama mashine yako inazo, nunua za akiba kumi na uzifunge kwa tepu kwenye usukani. Zikikatika usiweke bolti ngumu ya kwanza uliyoiona kwenye kopo la misumari, ile laini imewekwa ikatike yenyewe ili kitu cha bei kisikatike.

Haya, mjomba.

Usimwambie kwamba fundi wa kwenye safu amesema yake haifai. Mzee aliyekupokea hauendi kumfundisha kazi, na bahati nzuri huhitaji kumdanganya. Nenda kwake, usipige simu, nenda na picha ya chini ya trekta yako na picha ya fremu ya 318. Muombe akusaidie kuona itakaaje. Akiinama mwenyewe kwenye zile picha atayaona, watu wa umri wake wanajua vyuma. Alafu umuulize swali moja tu: yule aliyenunua trekta yako anasafisha theluji na nini? Kwa sababu fikiria, kuna mtu huko ana trekta ya mjomba, ina fremu ya snoubloa imening'inia chini ya tumbo, na hana snoubloa. Anahangaika kutafuta boksi la inchi 47 kama wewe unavyohangaika. Lile boksi lilizaliwa la trekta ile. Akimpigia leo anaweza hata kupata zaidi ya 500, na wewe unajitolea kulipakia kwenye pikapu ulipeleke.

Ukienda huko beba kamba za kutosha, yale maboksi yana uzito wote mbele, yanapinduka kwenye kona.